Mtafute Babu kwa Mpaka wa Jirani



Mtoto akiuliza shamba la babu wa babu yake lilikuwa wapi, wengi wetu wa Arusha na Meru tunanyoosha mkono kuelekea Mlima Meru na kusema, "Kule juu." Zamani jibu hilo lilitosha, maana mtoto alikulia huko huko, akichota maji na kukata majani ya ng'ombe. Leo mtoto amezaliwa Njiro au Sakina, amesoma Dodoma, anafanya kazi Dar es Salaam, na mlima anauona kupitia dirisha la basi. Kwake "kule juu" ni mlima mzima, wenye kilele cha mita 4,566, na mito inayoshuka pande zote, na kati ya kila mto na mto mgongo wa ardhi wenye wenyewe.

Vijana hao wanauliza kwa bidii, nami nafurahi wanapouliza. Wamesikia kuna ramani za zamani, za wakati wa Wajerumani na za wakati wa Waingereza, na nyingine zinaonekana hata kwenye simu. Wanataka kujua kama ramani hizo zinaweza kuwafikisha kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha babu. Jibu langu ni kwamba zinaweza. Ila nakuonya mapema, usiende kutafuta jina la babu yako, maana halimo. Lililomo ni jina, au namba, ya jirani yake mlowezi. Kwa hiyo babu mtafute kwa mpaka wa jirani.

Tuanze na sababu ya jina lake kutokuwemo.

Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri iliyotangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Aliyeamua nani ni mwenyewe ni serikali hiyo hiyo. Mwaka uliofuata, Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pale Akeri, Meru, na Kapteni Kurt Johannes akapanda na jeshi lake kulipiza kisasi. Watu waliuawa, mifugo ikachukuliwa, migomba ikakatwa. Kufika mwaka 1900 boma la Arusha lilikuwa limesimama, lile ambalo leo ni makumbusho. Baada ya boma wakaja walowezi: Makaburu kutoka Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1904 na 1905, kisha familia za Kijerumani zilizotoka Urusi, zikawekwa Leganga. Walipewa mashamba kuzunguka miteremko ya chini ya mlima, na juu serikali ikatenga msitu. Wameru na Waarusha wakabaki katikati, kati ya setla na msitu.

Sasa angalia, msikilizaji, kilichofuata. Shamba la setla lilipimwa. Liliwekewa alama za mpaka, likapewa namba, likaingia kwenye daftari na kwenye ramani. Kihamba cha babu yako kilikuwa na mpaka ulio wazi kabisa, umepandwa masale, na kila jirani aliuheshimu. Lakini hakuna mpimaji aliyetumwa kuupima.

Hata kama angetumwa, karatasi isingetosha. Ramani kubwa ya Kijerumani ya koloni lote, iliyoandaliwa na Paul Sprigade na Max Moisel na kuchapwa Berlin, ina skeli ya 1:300,000. Sentimita moja ya ramani ni kilomita tatu za ardhi. Kihamba cha ekari mbili, ambacho kina karibu mita 90 kila upande, hapo kingekuwa nukta isiyofika nusu milimita. Tena wachoraji hawakutembea kila mahali. Walitegemea safari za maofisa na wataalamu waliopita njiani na dira mkononi, wakiandika mto waliouvuka na kilima walichokiona. Karibu na njia ramani ni nzuri, mbali na njia ni ya kukisia, na pengine pameachwa peupe. Peupe hapo maana yake mchoraji hakupita. Watu walikuwepo.

Basi tunafanyaje? Nitaeleza kwa hatua, nawe chukua kalamu kama unayo karibu.

Kwanza, kabla hujafungua ramani yoyote, ulizia rika. Wazee wa Meru na Arusha hawakuhesabu miaka kwa kalenda ya ukutani, walihesabu kwa rika. Ukimuuliza bibi, "Babu alihamia hapa mwaka gani?" huenda akanyamaza. Muulize alikuwa rika gani. Akikuambia Talala, umeshajua unazungumzia vijana waliokuwa na mikuki Wajerumani walipopanda mlima. Akikuambia Nyangusi, umeingia wakati wa Waingereza. Rika ndilo litakalokuambia ufungue ramani ipi. Anayemtafuta mtu wa Talala kwenye ramani ya mwaka 1960 anatafuta mahali ambapo watoto na wajukuu wake walisukumwa, na pengine si mahali alipolima yeye.

Pili, uliza shamba lilipakana na nani. Hapa ndipo penye ufunguo. Wazee husema, "Tulikuwa juu ya shamba la Mgiriki," au "Chini yetu alikuwa Kaburu," au "Mfereji wetu ulipita kwa setla fulani." Maneno hayo yathamini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitwaa mali za Wajerumani kama mali ya adui na kuziuza, na Wagiriki ni miongoni mwa walionunua. Jina la mwenye shamba likabadilika, lakini mara nyingi mpaka ulibaki pale pale, na kumbukumbu za upimaji hufuata mpaka. Ukiupata mpaka wa setla kwenye ramani ya upimaji, umepata ukuta mmoja wa nyumba ya babu yako.

Tatu, fuata maji. Mito ya Meru ndiyo anwani yetu ya asili: Themi, Nduruma, Tengeru, Usa, Maji ya Chai, Ngare Nanyuki. Mto hauhami upesi kama barabara. Kijiji kinaweza kubadilishwa jina, kata ikagawanywa, wilaya ya Arumeru tuliyoizoea ikawa na halmashauri mbili, lakini mto Nduruma ni mto Nduruma. Kwenye ramani ya Kijerumani usibabaishwe na tahajia. Arusha imeandikwa kwa sch, na palipo na herufi y yetu wao waliweka j. Soma kwa sauti, sikio lako litatambua.

Nne, tafuta ramani ya skeli ya 1:50,000. Hizi ni karatasi ambazo wapimaji wa Kiingereza wa idara ya upimaji wa makoloni, iliyoanzishwa London mwaka 1946, walizichora kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na nchi yetu ikaendelea nazo baada ya Uhuru. Mfululizo wake unaitwa Y742, na aliyesoma jiografia sekondari anaufahamu. Hapa sentimita mbili ni kilomita moja. Kihamba cha ekari mbili sasa kinakaribia milimita mbili, unaweza kukiwekea ncha ya penseli. Nyumba zimeonyeshwa, njia za miguu zimeonyeshwa, makanisa, shule, mashamba makubwa na majina yake. Karatasi hizi zinatolewa na Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi. Za Kijerumani, pamoja na majalada ya ardhi ya enzi hizo, ziulizie Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Na zile picha zenyewe za ndege, za makoloni mengi ya Waingereza, zimehifadhiwa Edinburgh, Scotland. Picha ya ndege ina faida moja kubwa: haikuchagua. Mchoraji aliamua aandike shamba la nani, kamera ilipiga migomba ya kila mtu.

Tano, na hapa vijana mnisikilize vizuri, msiziamini namba za ramani hizo mkazitia kwenye simu moja kwa moja. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zilipimwa kwa mfumo uitwao Arc 1960. Simu yako inatumia mfumo mwingine, wa setilaiti. Ukichukua namba za karatasi ukazipeleka kwenye simu bila kuzibadilisha, utasimama karibu mita 300 kaskazini ya mahali sahihi. Kwenye miteremko ya Meru, mita 300 zinatosha kukupeleka kwenye shamba la ukoo mwingine, ukaanza kuulizia makaburi ya watu wasio wako. Programu nyingi za ramani zina mahali pa kuchagua mfumo. Chagua Arc 1960 kwanza, ukanda wa 37 kusini, ndipo uandike namba. Kwa ramani ya Kijerumani isiyo na namba za kuaminika, ilaze juu ya picha ya setilaiti, kisha ifunge kwenye vitu visivyohama: kilele cha mlima, Ziwa Duluti, makutano ya mito, boma la Arusha, misheni ya Nkoaranga iliyoanzishwa mwaka 1902. Ukifunga sehemu nne au tano, karatasi itajinyoosha yenyewe, nawe utaona ni wapi imekaa vizuri na wapi imepotoka.

Sita, nenda. Ramani inakuleta mpaka kwenye mgongo wa ardhi kati ya mito miwili. Haikuvushi hapo. Kutoka hapo utavushwa na mtu. Tafuta mzee wa ukoo, awe wa Kaaya, wa Pallangyo, wa Nnko, wa Mbise, wa Nassari, maana mpaka leo yapo maeneo ambayo ukoo mmoja umekaa kwa wingi, na jina lako la mwisho ni barua ya utambulisho. Piga hodi vizuri, kaa, kunywa chai, eleza wewe ni mjukuu wa nani. Kisha muombe akutembeze. Atakuonyesha mstari wa masale ambao haukujiotea. Atakuonyesha mringaringa mkubwa ambao hakuna aliyethubutu kuukata. Atakuonyesha mfereji uliokauka na kukutajia waliouchimba. Hivyo ndivyo vibao vya mpaka vya babu yako, na hakuna mpimaji aliyeviandika.

Msikilizaji, sasa niseme juu ya mahali pamoja ambapo ramani na watu waligongana waziwazi, nao ni Ngare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya mlima.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi. Ripoti yake ilitoka mwaka 1947. Alipendekeza ardhi ibadilishanwe ili Wazungu wawe na eneo lao lililoungana na Waafrika lao. Juu ya meza jambo hilo linaonekana safi, kwa sababu juu ya meza watu hawaonekani. Katika ukanda wa Sanya, kati ya Meru na Kilimanjaro, yangewekwa mashamba ya mifugo ya Wazungu. Ngare Nanyuki iliangukia ndani ya ukanda huo. Serikalini ardhi ile ilijulikana kwa namba za mashamba, namba 31 na namba 328. Kwa waliokuwa wanaishi pale ilikuwa na makaburi, mazizi, mashine za kusaga na kanisa.

Novemba 1951 askari waliingia. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zao zikachomwa moto, na mifugo ikaswagwa. Waliambiwa waende King'ori. Wengi walikataa, wakajibanza kwa ndugu zao na kuanza kuchanga fedha. Kwa michango hiyo, mwaka 1952 Kirilo Japhet, kijana wa Meru, alisafiri hadi New York, na pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, akaueleza Umoja wa Mataifa habari ya Ngare Nanyuki. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Lakini Tanganyika nzima ilisikia kwamba mkulima anaweza kusimama mbele ya dunia na kudai shamba lake, na miaka mitatu baadaye Julius Nyerere naye akasimama huko huko. Hatimaye Wameru walirudi Ngare Nanyuki, na leo ukienda sokoni Arusha, nyanya unazonunua huenda zimetoka pale.

Ninaileta habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya utafutaji. Kama ukoo wako ulitolewa Ngare Nanyuki, una bahati ambayo koo nyingi hazina, maana kesi ile iliacha maandishi mengi: maombi, hotuba, majibu ya serikali, na kitabu cha Japhet na Seaton chenyewe, kilichotoka mwaka 1967. Namba ya shamba ndiyo itakayoyafungua maandishi hayo. Ya pili ni ya msingi zaidi. Ngare Nanyuki inatufundisha kwamba ramani iliyomwacha mtu nje ilirahisisha kumtoa. Ndiyo maana nasema kumtafuta babu kwenye ramani ni kumrudishia mahali pake, na si kazi ya kupoteza muda kama wengine wanavyodhani.

Tena angalia ni nani wanaotafutwa kwa urahisi hapa kwetu. Momella, Margarete Trappe alifika mwaka 1907 na mumewe, wakaanza shamba. Leo eneo hilo liko ndani na pembeni ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanza mwaka 1960, na mgeni yeyote anaweza kusoma habari za mama yule. Tengeru walikuwepo wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000 kuanzia mwaka 1942, na makaburi yao yanatunzwa mpaka leo. Wajukuu wanatoka Ulaya, Australia na Kanada wakiwa na jina na ramani, wanafika, wanaweka maua, wanalia, wanaondoka wametulia moyoni. Nawaheshimu kwa hilo. Ninachotaka ni mjukuu wa Meru aliyezaliwa kilomita 20 kutoka hapo awe na uwezo huo huo kwa babu yake.

Sasa neno la tahadhari, na ninalisema kwa uzito. Ukishalipata shamba la babu, usigeuze ugunduzi wako kuwa ugomvi. Kwa sheria za nchi hii, ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na tangu sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 haki ya kimila inatambuliwa sawa na hati ya serikali. Anayelima pale leo, akiwa kijijini, analindwa na haki hiyo. Ramani ya mwaka 1910 haimwondoi. Sheria ya ukomo nayo inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, kisha mlango unafungwa. Kama familia yako ina mgogoro wa kweli, upeleke Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na ufuate taratibu. Lakini ukienda shambani kwa mtu ukiwa na karatasi na sauti ya juu, utampoteza yule mzee ambaye angekuonyesha kaburi. Nenda kama mjukuu. Sema unatafuta kujua, na uwe unasema kweli.

Huenda pia ukakuta shamba halipo tena. Huenda limo ndani ya msitu wa hifadhi, au limezikwa chini ya nyumba za jiji linalopanda mlima kila mwaka, au ni sehemu ya mashamba ya kahawa yaliyobadilisha wenyewe mara nyingi tangu Azimio la Arusha. Bado andika. Andika jina la babu, rika lake, mito ya pande zote mbili, jirani wa setla, jina la mfereji, na namba za mahali kutoka kwenye simu. Chora ramani ya ukoo kwa mkono, kila mzee aione na kuisahihisha, kisha tengeneza nakala kwa kila nyumba. Hiyo itakuwa ramani ya kwanza yenye jina la babu yako.

Nina maombi mawili. Kwa wenye mamlaka ya nyaraka na ramani: leteni nakala hapa Arusha. Mzee wa Nshupu au Ilboru asilazimike kwenda Dar es Salaam kuona mlima wake mwenyewe kwenye karatasi. Nakala zikae makumbusho pale bomani, au maktaba ya mkoa, na mtu aliyefundishwa awepo kumsaidia anayeuliza.

Kwa walimu wa jiografia: kila mwaka mnawafundisha vijana kusoma ramani kwa ajili ya mtihani, kupima umbali, kusoma kontua, kutambua bonde na mgongo. Wapeni zoezi moja la nyumbani. Kila mwanafunzi achukue kipande cha ramani cha eneo la ukoo wake, akae na bibi au babu, aweke alama kumi ambazo ramani haikuziandika. Kijana anajua kusoma kontua, bibi anajua nani alilima wapi. Kila mmoja peke yake ana nusu ya ramani, na mwenye nusu iliyo kubwa ameshazeeka. Likizo inakuja, msikilizaji. Panda nyumbani ukiwa na karatasi, penseli na subira, na uanze na swali la jirani: "Bibi, tulipakana na nani?"